Theluji Chini ya Dirisha

6 Januari

Taarifa rasmi kwa wakazi wa Wheaton, hapa Amerika, na vitongoji vyake. Leo asubuhi, mbele ya jirani mmoja na mbwa wake, theluji imeanguka, na Elkanah Kemboi akaanguka nayo. Theluji haikuumia. Elkanah aliumia makalio na heshima. Mkewe Chelagat, ambaye ni nesi, amempima na kutangaza kwamba heshima yenyewe haikuwa nyingi, kwa hiyo itapona upesi. Mpini wa sepetu umevunjika. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Baada ya tangazo hilo, kazi. Daftari hili ni agizo la daktari wa Audrey. Binti yetu ana miaka kumi na mmoja na ana pumu, na tangu Krismasi kifua chake kimekuwa kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari anataka tuandike kila siku amekohoa vipi na tumeona nini, labda tutagundua kinachomchokoza. Chelagat amenipa mimi kazi hiyo kwa sababu yeye huandika habari za wagonjwa kutwa nzima hospitalini. Hakunikataza kuandika na mengine.

Kikohozi leo: kidogo, jioni.

7 Januari

Kikohozi: kidogo. Shule zimefungwa. Makalio: bado.

9 Januari

Daktari aliuliza nani wanaishi humu, basi niandike habari za Kogo. Ni mama yake Chelagat. Audrey humwita Kogo kama watoto wote wa Kinandi wanavyowaita nyanya zao, na mimi mkwe nimejificha humo humo, maana jina la mama mkwe halinipandi mdomoni. Alifika mapema Desemba, atakaa mpaka Aprili. Analala na Audrey katika chumba cha chini, kile kilicho nusu ndani ya ardhi, na dirisha lake liko sawa na majani ya uani.

Alishuka uwanja wa ndege wa Dulles na kibuyu chake cha mursik kimefungwa shuka kama mtoto mchanga, pamoja na vijiti vya mti wa senetwet. Kwetu hakuna mursik bila kijiti: unakichoma mpaka ncha iwe kaa, unasugua nalo ndani ya kibuyu, halafu unamimina maziwa na kuyaacha yagande. Yakitoka yana madoa ya kijivu na harufu ya moshi inayonifanya nifumbe macho. Watu wa forodha walichukua vijiti, wakaacha kibuyu. Kogo aliwaambia kwa Kinandi neno ambalo Chelagat amekataa katakata kunitafsiria, ingawa mimi pia ni Mnandi na nilisikia.

Niliviomboleza vijiti vile kupita kiasi, nakiri. Nilisema mezani kwamba ni miaka mingi sijaonja mursik ya kweli, na sauti ikanitetemeka kwa makusudi. Wiki mbili baadaye Kogo akaniletea kikombe. "Amerika nzima haiwezi kukosa mti," akasema. Yalikuwa na ladha ya pembeni, kama lami. Nikasema hata kwetu Kapsabet sijanywa matamu hivyo. Tangu hapo kikombe hunisubiri kila Jumamosi. Nadhani huwa anasugulia nje, ngazi za nyuma, sisi tukiwa kazini.

10 Januari

Kikohozi: kingi. Chelagat amesema jikoni kwamba huenda chumba cha chini kina ukungu. "Ikiwa ni chumba, tutabadilisha tiketi ya mama arudi mapema, tubomoe kuta, kikauke."

Nikamwambia asiharakishe. Kugeuka, Audrey alikuwa amesimama kwenye ngazi, ameshika bakuli tupu la nafaka. Akaweka bakuli kwenye sinki, akashuka.

13 Januari

King'ora cha moshi cha chini kimekosa betri tena. Audrey anasema zimekufa. Kuna panya mahali anakula betri.

15 Januari

Baridi imekataa kuondoka, na theluji nayo imekaa kama mgeni aliyevua viatu. Ilikuwa nyeupe, sasa kando ya barabara ya Georgia Avenue ina rangi ya soksi zangu. Mwalimu wa sayansi amewapa watoto kazi: wachukue theluji sehemu mbalimbali za jiji, waiyeyushe, waichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, waone masizi yanayobaki. Moshi wa magari na viwanda, anasema, hushuka na kulala kwenye theluji, na theluji haiwezi kuficha kitu.

Kwa kuwa naendesha gari la kuwapeleka wazee wa viti vya magurudumu kliniki, nafika kila pembe. Nikajitolea. Audrey akasema sawa. Yeye husikia Kiswahili na Kinandi chote ninachomwambia na hujibu kwa Kiingereza. Humu namtafsiria bure.

"Lakini za nyumbani nitachukua mwenyewe," akasema. "Moja chini ya dirisha letu, moja kwenye ua wa yadi."

Yadi ni ile ya malori ya kusambaza mizigo, iko nyuma ya nyumba zetu. Madereva huacha injini zikinguruma asubuhi nzima ili wasigande. Siwalaumu, na mimi ni dereva. Ila nawalaumu.

17 Januari

Nimejaza chupa Arlington na Springfield. Pale Springfield, barabara zinaposukwa kama nywele, nilisimamisha gari kando ya maegesho ya kliniki nikaanza kuchota. Mzee Wayne, abiria wangu wa siku nyingi, akateremsha kioo.

"Elkanah, kwenu haikosi hamna kitu kama hiki."

"Hatuna, mzee."

"Basi chukua. Lakini ile safi iko upande huu. Wewe unachagua iliyooza."

"Naitaka iliyooza."

Akapandisha kioo. Nilimsikia akimwambia mama aliyeketi nyuma kwamba kampuni inapaswa kuwapima madereva akili.

19 Januari

Tumechuja. Karatasi zote tumezianika mezani baada ya ibada, na jirani yetu Nzeyimana, Mrundi aliyelelewa Uvira, akaja kutazama na mkewe Anysie. Arlington: rangi ya chai ya maziwa. Springfield: kijivu cha kutosha. Ya chini ya dirisha letu: kivuli tu. Ya ua wa yadi: nyeusi, nyeusi ya sufuria ya msibani.

Kisha Audrey akakohoa, na sote tukamtazama kama tumemsikia kwa mara ya kwanza.

"Ni zile kamyo," akasema Nzeyimana, maana kwao lori ni kamyo. "Weye unaona? Ile moshi inaingia mtoto mu kifua, na wenye kamyo wanakunywa kahawa. Tuandike, bwana Elkanah. Niko nakuambia, tuandike."

Kogo aliuliza kwa Kinandi karatasi zinasema nini. Nikamweleza: malori yanamuua mjukuu wako. Akatazama ile nyeusi kwa muda mrefu, akasema watu wasio na aibu wapo kila nchi. Kisha akanimiminia kikombe. Mimi ninayenywa masizi kwa kikombe, na kulamba midomo, jioni hiyo hiyo nikaketi kuiandikia kaunti kuhusu masizi.

23 Januari

Barua imetiwa sahihi na nyumba zote za mstari wetu, hata ya bwana mwenye mbwa. Jana, kwenye ibada ya katikati ya wiki, mchungaji ameniita mbele. Watu wamenipigia makofi. Chelagat ameniambia nisivimbe, suti ni ya kukodi.

26 Januari

Kikohozi: kingi. Mursik: ipo.

30 Januari

Nimepita yadini kuzungumza na meneja. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikakuta kijana mwenye mafua aliyenikaribisha kiti. Alisema ana mtoto mwenye pumu pia. Nikarudi nyumbani nimekasirika zaidi, kwa sababu nilikosa mtu wa kumkasirikia.

Nyuma ya ua wao kuna rundo la paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, zilizovunjika. Mbao zimepakwa dawa ya kijani. Nimeandika hilo kwa sababu kila kitu cha wale watu sasa nakishuku.

4 Februari

Mama wa kaunti amekuja na kifaa chake cha kupima hewa, akakifunga kwenye ua wa yadi. Audrey alimtazama kwa dirisha la chini mpaka alipoondoka. Nikamwambia, "Umeona? Mwanangu, tutashinda." Hakujibu. Alikuwa anauma mkono wa sweta.

7 Februari

Kikohozi: asubuhi, mchana, jioni. Chelagat amemwongezea dozi ya inhela. Jioni anaweka sikio mgongoni kwa mtoto, anasikiliza, na mimi namsikiliza yeye akisikiliza.

Betri za king'ora tena.

12 Februari

Naandika nikiwa hospitalini.

Theluji ya pili ilianguka jana, shule zikafungwa, Audrey akabaki na Kogo. Chelagat alikuwa zamu, mimi nilikuwa Springfield na Mzee Wayne garini simu ilipolia. Nzeyimana. Yeye hufanya kazi usiku, mchana yuko nyumbani.

"Bwana Elkanah, usiogope. Niko na mtoto mu gari. Hapumui muzuri. Tunaenda hospitali. Weye kuja tu."

Nikamuuliza mtoto amefikaje kwake. Akasema Kogo alikimbia kwenye theluji na soksi, akapiga mlango kwa mikono miwili, akisema maneno ambayo hakuyajua hata moja, lakini alielewa yote.

Magari hayakuwa yakisogea. Niliona taa nyekundu za mbele yangu mpaka macho yakajaa. Mzee Wayne hakutania. Alisema, "Nishushe popote, nitapata mtu." Siwezi kumshusha mzee wa kiti cha magurudumu barabarani. Nikampeleka kliniki, nikamsukuma mpaka ndani, nikamfunga breki, na muda wote huo miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia upande mwingine. Alinishika mkono. "Nenda, basi," akasema.

Nilipofika alikuwa kitandani, barakoa usoni, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayebeba gunia ngazini. Chelagat alikuwa amesimama pembeni na sare yake ya kazi. Nimemwona katika sare hiyo kwa miaka mingi. Sijawahi kumwona akiwa hajui afanye nini na mikono.

Daktari aliuliza: kuna anayevuta sigara nyumbani? Hakuna. Jiko la kuni, mishumaa, ubani? Nikajibu kwa ukali kwamba moshi pekee ni wa malori ya jirani, tumeshaandika kaunti, vipimo vinakuja. Akamgeukia Audrey. "Kweli? Hakuna moshi nyumbani?"

Audrey akatikisa kichwa chini ya barakoa. Hakuna.

Kogo alikuwa ameketi kwenye kona, miguu imefungwa blanketi. Kiingereza hakielewi. Alikuwa anamtazama Audrey, na Audrey alikuwa anamtazama yeye.

15 Februari

Tumerudi. Anahema vizuri. Amelala juu kwetu, mimi nimelala kwenye zulia. Makalio yamekumbuka Januari.

17 Februari

Audrey ameomba kurudi chini kwa Kogo. Nimekubali. Barafu imefunga yadi. Hakuna lori lililotoka tangu theluji ya pili. Nimeona hewa itakuwa safi.

20 Februari

Kikohozi kimerudi.

Barafu bado imefunga yadi. Injini hazijawaka. Nimesimama nyuma ya nyumba nikasikiliza kimya, na kimya kile kilinitia hofu kuliko kelele zote za Januari. Kama si malori, ni nini?

21 Februari

Jibu la kaunti: hewa ya kwenye ua si nzuri, lakini si mbaya kuliko sehemu nyingine za jiji. Nimelisoma nikiwa nimesimama. Chelagat akasema, "Basi ni chumba. Nitapiga simu ya tiketi Jumatatu."

Jioni nimechukua chupa mbili mwenyewe. Moja kwenye ua wa yadi. Moja chini ya dirisha, upande wa chumba cha mashine ya kufulia, kilicho ubavuni mwa chumba chao. Nikachuja jikoni peke yangu.

Ya yadi: kijivu kama Springfield. Ya dirisha: nyeusi. Nyeusi ile ile ya sufuria ya msibani, na juu yake vipande vidogo, vikavu, vyembamba. Nimewahi kuviona. Nilifungua friji, nikatoa kikombe changu cha Jumamosi, nikakiweka kando ya karatasi.

Vilikuwa ndugu wa madoa ya kikombe.

23 Februari

Sijamwambia mtu. Nimekaa kanisani kama mtu aliyemeza kijiko. Mchungaji ameomba kwa ajili ya vita vyetu dhidi ya moshi. Nikasema amina.

25 Februari

Hapa naandika kilichotokea hasa, kwa sababu barua niliyoipelekea kaunti, na maneno niliyoyasema mbele ya kanisa, yanasema jambo jingine.

Jana nilimwomba mwenzangu aniendeshee zamu ya mchana. Nikafika nyumbani kabla basi la shule halijaondoka mwisho wa mtaa, nikangoja kidogo jikoni, nikashuka. Taulo lilikuwa limesukumwa chini ya mlango wa chumba cha mashine. Nikafungua.

Kogo alikuwa ameketi kwenye kindoo kilichopinduliwa. Mbele yake, ndani ya sufuria kuukuu, palikuwa na moto mdogo wa vipande vya mbao vyenye rangi ya kijani. Mbao za paleti za yadi. Mkononi alikuwa na kijiti cha mbao hizo hizo, chenye ncha nyekundu, anakisugua ndani ya kibuyu, na Audrey amekishika kibuyu kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia dirisha lililofunguliwa. Moshi ulikuwa unapita juu ya kichwa chake, unatoka nje, unashuka kwenye theluji. Walikuwa wanacheka. Audrey alikuwa anazungumza Kinandi. Kibovu, kilichopinda, lakini Kinandi. Miaka kumi na mmoja sijamsikia akitamka hata sentensi moja.

Akaniona. Akatia mkono mfukoni, akatoa betri, akaniwekea kiganjani.

"Usimrudishe," akasema. Kwa Kiswahili.

Mkwe hamfokei mama mkwe, hilo liko kwenye mifupa. Nikachuchumaa. Nikamweleza Kogo kwa upole niliouokota sijui wapi kwamba moshi huu ndio unaomfunga Audrey kifua. Si baridi, si malori. Huu.

Kogo akasema hapana. Moshi hukausha kifua. Baridi ndiyo huua. Watoto wake saba wamelelewa jikoni kwenye moshi. Alipofika hapo akaacha kusugua. Kijiti kikaendelea kutoa uzi wake wa moshi.

"Wa tatu alikufa kwa kifua," akasema. "Tulisema ni baridi."

Kisha akamgeukia Audrey. "Wewe ulijua?"

Audrey alijua. Yote yalitoka, nusu Kiingereza, nusu machozi. Alijua tangu kabla ya karatasi. Zile chupa mbili za Januari alizibadilisha majina mwenyewe: ya dirisha akaipa jina la yadi, kwa sababu alimsikia mama yake akisema tiketi. Hakumwambia Kogo kwamba moshi unamuumiza, kwa maana Kogo angeacha kumwita aje kushika kibuyu, na kazi ya kushika kibuyu ni yake. Alikuwa anahemea dirishani. Alidhani inatosha.

Kogo akasimama. Akapitisha mkono dirishani, akakichomeka kijiti kwenye theluji. Kikalia mara moja. Akachukua sufuria, akaimwaga pale pale, akarudi na mikono mitupu akamshika mtoto kichwa, akakaa hivyo.

Chelagat alipotoka kazini nilimwambia mimi, kabla hajavua koti. Alikaa chini ya ngazi. Nilingoja ghadhabu, akalia kidogo, akauliza kuhusu ndugu yake yule wa tatu, "Mwaka gani alikufa Kiprono? Mimi nilikuwa na miaka mingapi?" Kogo akamjibu kutoka jikoni. Walizungumza wawili, mlango umefungwa. Tiketi imebaki ya Aprili.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Nzeyimana. Alisikiliza yote akiwa na mswaki mdomoni.

"Basi kamyo haina makosa?"

"Inayo. Ya yadi ni chafu kama Springfield. Ila ya kwetu ilikuwa chafu zaidi."

Akatema. "Bwana Elkanah, weye ulikuwa unakunywa makosa."

Nimemwandikia mama wa kaunti hivyo hivyo, bila mzaha: malori bado yanawaka asubuhi nzima, lakini karatasi nyeusi ilikuwa yetu. Jumapili nitasimama mbele tena. Suti nitaikodi.

8 Machi

Theluji imekwisha. Chini ya dirisha pamebaki duara jeusi kwenye majani, mvua italichukua. Betri zimo. Paleti hatuzigusi.

Kikohozi: wiki hii, mara moja, na ilikuwa mkate.

Audrey na Kogo wamejaza kibuyu kilichooshwa kwa maji ya moto tu, bila kaa. Audrey ameshika, Kogo amemimina. Leo jioni wakaniletea kikombe, wakasimama wote wawili kunitazama. Maziwa yalikuwa meupe, bila doa. Nikanywa. Nikafikiri lile neno langu la Kapsabet, lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Kogo," nikasema, "haya hayana kitu kabisa."

Akaketi, akacheka mpaka akashika ubavu. "Ni mara yako ya kwanza kusema kweli tangu nifike," akasema. "Na yale ya mbao za kijani?"

"Yalikuwa mabaya sana, Kogo."

"Najua. Niliyaonja."

Audrey alikuwa anacheka pia, kwa kifua chote, na mimi nilikuwa nimeacha kunywa, nasikiliza. Hakikulia. Nikanyoosha kikombe wanipe tena.